Shafti iliyokaa upande: kisa cha pleti mbili na senta laini ambayo haikuwepo

Mashine iliwaka vizuri kabisa, nianze na hilo, maana ingegoma palepale hiki kisa kingekuwa kifupi sana. Ni mashine ya kupukuchua mahindi, ile ya dramu yenye meno inazunguka ndani ya bodi na chini yake kuna chekeche la nusu duara, pembeni injini ya dizeli, mkanda wa V, puli mbili, hakuna uchawi. Karakana yetu ipo Morogoro na tumeshatengeneza kadhaa za hivi, sasa hii ilikuwa ya mteja wa kule Gairo aliyetaka bodi iwe pana kidogo kuliko ya kawaida. Kidogo yaani mm 40 tu. Hizo mm 40 ndo hadithi nzima.

Siku ya kuijaribu tukamwaga gunia la kwanza, mkanda ukaruka. Tukaurudisha, tukavuta injini nyuma kidogo ukaze, dakika tatu hazijaisha ukaruka tena. Wa kwanza kulaumiwa ni mkanda, eti feki, tukaweka mwingine nao ukaruka. Wa pili kulaumiwa ni puli, nikaizungusha kwa mkono naangalia kama inayumba, haiyumbi. Afu yule mzee wetu wa kuchomelea, ambaye karakana nzima tunamwita Babu, akaachana na mkanda kabisa akaenda kuchuchumaa kule yanakotokea magunzi.

“Injinia,” akaniita, na akiniita hivyo ujue kuna kitu, “njoo uone haya magunzi yako.”

“Naam Babu.”

Magunzi ya upande wa kushoto yalikuwa yanatoka na punje zake, mistari mizima haijaguswa. Upande wa kulia punje zimepasuka, nyingine zimeshakuwa chenga. Dramu ni moja, chekeche ni moja. Tukazima injini, Babu akaingiza kidole kati ya meno ya dramu na chekeche, kulia mbele kidole hakiingii, kushoto mbele kinaingia na kingine kinakisindikiza. Akazunguka nyuma, kule ikawa kinyume, kushoto pamebana kulia pamekaa wazi. Hakusema kitu, alinyoosha mkono tu nimpe futi.

Upande wa kulia, toka ukingo wa mbele wa pleti, yaani lile bamba la chuma la ubavuni linaloshika shafti ya dramu, mpaka senta ya shafti: 150. Upande wa kushoto, toka ukingo wa mbele mpaka senta: 190. Pleti zote mbili zina upana wa 340, kwa hiyo katikati ilitakiwa iwe 170 huku na 170 kule, sisi shafti yetu huku imeenda mbele mm 20 na kule imerudi nyuma mm 20, jumla imepinda mm 40 kwenye urefu wa mm 600 uliopo kati ya pleti na pleti. Ukipiga hesabu ni karibu digrii 4. Nafasi ya kawaida kati ya meno na chekeche ni mm 25 pande zote, toa 20 ibaki 5, ongeza 20 iwe 45, ndo kidole cha Babu kilichokuwa kinasoma. Na puli iliyofungwa kwenye shafti iliyopinda digrii 4 haiwezi kutazamana na puli ya injini hata ufanyeje, mkanda lazima uruke.

Utauliza sasa shafti iliingiaje. Hapa ndo pananiuma. Beringi tulizotumia ni UCF 205, zile za mraba zenye matundu manne ya boliti, za shafti ya mm 25. Beringi hizi ndani zimekaa kama mpira kwenye kikombe, zinajigeuza kidogo zenyewe pale fremu inapokuwa haijanyooka, zimetengenezwa makusudi zimvumilie fundi. Na zilituvumilia. Zingekuwa ngumu shafti ingegoma kuingia siku ya kufunga na tungegundua palepale, badala yake ikaingia kwa kugongwagongwa kidogo na nyundo ya mpira na mtu akasema “imebana vizuri hii”. Aliyesema hivyo ni mimi.

Basi nikaenda kufungua faili, nachora na FreeCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kwa sababu ni ya bure na haina mambo ya leseni, na skechi (mchoro wa umbo) ya pleti ilikuwa vilevile kama nilivyoichora mara ya kwanza kabisa kwa ajili ya bodi ya 300. Niieleze maana wengi wetu tunachora hivihivi. Nilichukua kitufe cha mstatili, nikabofya kwenye orijini, yaani sifuri ya mchoro, nikavuta mpaka kona ya pili, nikaandika upana 300 na kimo 260. Afu nikaweka duara la shafti, kipenyo 40 ili shafti ipite bila kugusa, senta yake 150 toka ukingo wa kushoto na 150 toka chini. Afu matundu manne ya boliti, UCF 205 inataka mm 70 toka tundu hadi tundu, kwa hiyo nikatoa 35 nikajumlisha 35, nikapata 115 na 185, nikaandika hizo namba tundu kwa tundu toka ukingo wa kushoto. Mistari yote ikageuka kijani. FreeCAD ikikupa kijani maana yake skechi imefungwa kamili, hakuna kinachoweza kusogea, digrii za uhuru ni sifuri. Nikafurahi, nikasevu.

Angalia hapo kwenye 150. Kichwani kwangu ile 150 ilikuwa inamaanisha katikati. Kwenye faili ilikuwa inamaanisha mm 150 toka kushoto, basi, hakuna sehemu yoyote kwenye ile skechi inayosema neno katikati. Kwa kuwa nusu ya 300 ni 150, mambo hayo mawili yalikuwa yanafanana kabisa na yangeendelea kufanana miaka yote kama asingetokea mtu wa Gairo. Alipotokea nikabofya mara mbili kwenye 300, nikaandika 340, nikapiga enta. Ukingo wa kulia ukasogea mm 40. Matundu yakabaki pale pale. Hakuna rangi nyekundu, hakuna onyo, kijani kama kawaida, na jicho la binadamu kwenye skrini ya inchi 14 haioni tofauti ya mm 20 pembeni ya tundu, angalau jicho langu halikuiona. Nikatoa DXF, lile faili la mchoro ambalo mashine ya kukatia inalisoma, nikampelekea jamaa anayekata chuma kwa plazma, akakata pleti mbili za mm 5 zinazofanana kama mapacha.

Na zingebaki hivyohivyo zimelala upande mmoja, kosa lingekuwa dogo, dramu yote ingekaa mm 20 pembeni lakini imenyooka. Tatizo ni miguu. Kila pleti inachomelewa chuma cha engo chini, na engo lazima itazame nje ya mashine, kwa hiyo pleti ya pili unaigeuza uso wake. Ukigeuza pleti, kushoto kwake kunakuwa kulia. Kwenye pleti iliyo sawa pande zote kugeuza hakubadilishi kitu, na ndo maana Babu hakuwa na sababu ya kujiuliza, mashine zote za nyuma alikuwa anageuza tu na zinakaa. Safari hii kugeuza kukafanya mm 20 ziwe 40. Babu hana kosa hapo hata kidogo, nilimwambia hivyo mbele ya vijana wote, akasema “haya” na akaendelea kunywa chai.

Wazo la kwanza lilikuwa tutoboe upya palepale. Tundu la boliti ni mm 12, ukilisogeza mm 20 linabaki na daraja la mm 8 kati ya tundu jipya na la zamani, na tundu la shafti la 40 linageuka kuwa yai la 60. Beringi ingefunika sehemu kubwa ya uchafu huo, lakini Babu alikataa katakata, alisema mashine inayotetema hupasukia hapohapo penye daraja. Tukakata pleti mpya, gharama ikabaki kwetu, mteja akasubiri siku nne.

Ila kabla ya kukata, Babu aliniomba kitu ambacho ndo kimenifanya niandike haya yote. Alitaka kujua mimi kwenye kompyuta huwa naanzia wapi. Nikamwonyesha, naanzia kona. Akashangaa kweli, “kona ya nini?” Akachukua kipande cha pleti chakavu, akakipaka chaki, akatoa bikari. Akaifungua zaidi kidogo ya nusu kwa macho tu, akachora upinde toka kona moja ya chini, upinde mwingine toka kona ya pili, vikakutana. Akafanya hivyohivyo toka kona za juu. Akaunganisha pale pinde zilipokutana kwa kichora chuma na rula, mstari mwembamba unang'aa katikati ya chaki. Ndo mstari wa kwanza kwenye kazi yake, kabla ya tundu lolote. Afu akaweka senta panchi juu ya mstari, tak.

Nilichokiona ni kwamba hakupima upana. Mpaka anamaliza hakujua hiyo pleti ina mm ngapi na hakuhitaji kujua, bikari inagawa tu chochote kilichopo. Mimi nilianza na namba, yeye alianza na uhusiano. Na kitufe cha mstatili kwenye programu nacho kimenichangia, kinakuanzishia konani, kwa hiyo bila kufikiri kila kipimo kinachofuata unakitoa konani. Fundi wa chaki hana kitufe cha kumharibu.

Bikari ya Babu kwenye FreeCAD ipo, ni lile sharti la simetriki, kifupi chake ni S. Unachagua nukta mbili afu mstari, programu inahakikisha hizo nukta zinalingana umbali toka kwenye mstari, siku zote, hata ubadilishe nini. Kwa hiyo nikafuta skechi nzima nikaanza upya, na safari hii orijini nikaiweka kwenye senta ya shafti. Huu ni msimamo wangu sasa na nautetea, kwenye mashine kila kitu kinaizunguka shafti, kona ya pleti haina kazi yoyote zaidi ya kumkata mtu kidole, sasa kwa nini sifuri yako uipe kona. Ukishaiweka shafti kwenye orijini, ule mhimili wa wima wa skechi unakuwa ndo senta laini yako, mstari wako wa katikati, ya bure. Kona mbili za chini nikazifunga simetriki kwa huo mhimili, ukingo wa chini nikauweka mm 150 chini ya orijini, upana 340, kimo 260. Basi.

Hapo utakutana na kero moja. Ukiweka simetriki kwenye kona mbili za ukingo uliolala, programu inalalamika kuwa kuna sharti limejirudia. Usiogope. Mstatili ulipochorwa ulijipa wenyewe sharti la kulala kwa ule ukingo, na simetriki kwa mhimili wa wima nayo inaulazimisha ulale, kwa hiyo jambo moja limeamriwa mara mbili. Bofya ule ujumbe, inakuonyesha linalojirudia, futa la kulala, bakiza simetriki. Nimewahi kuona kijana anafuta simetriki ili onyo liondoke, amebakiwa na kijani safi na amepoteza katikati.

Kwa matundu ya boliti ndo nikatumia laini za konstraksheni. Ni laini ya kawaida ila ukiigeuza konstraksheni inakuwa ya bluu na programu haiihesabu kama sehemu ya umbo, ipo kwa ajili ya kuegemewa tu, kama ile chaki. Nikachora mraba wa konstraksheni wa 70 kwa 70, kona zake mbili za mshazari simetriki kwa orijini, na kila kona nikaiwekea duara la boliti. Mtu anaweza kutumia duara la konstraksheni la kipenyo 98.99 badala ya mraba, kihesabu ni kilekile, ila mimi sikipendi, hakuna mtu mwenye kalipa atakayesimama karakanani apime 98.99, wakati 70 toka tundu hadi tundu anaipima hata aliyeanza kazi jana. Angalizo dogo, kile kitufe cha konstraksheni ukikibonyeza bila kuchagua kitu kinabaki kimewaka na kila utakachochora baada ya hapo kitakuwa bluu. Utachora pleti nzima, ukienda kuinyanyua iwe na unene inakataa, unaanza kuitukana kompyuta.

Nikampa kazi kijana wetu wa mafunzo achore pleti ya mashine nyingine kwa mtindo huohuo nione kama ameelewa. Akaleta skechi nzuri sana, ina senta laini ya bluu imesimama katikati, matundu yote simetriki kwa hiyo laini, kijani tupu. Nikamwambia badilisha upana weka 500. Akaweka. Pleti ikanyooka kwenda kulia, senta laini na matundu yake yote yakabaki kushoto kama abiria walioachwa na basi. Kumbe senta laini yenyewe alikuwa ameifunga kwa kuandika 150 toka ukingo wa kushoto. Kosa langu lilelile, safari hii limevaa nguo za bluu. Na hili ni baya kuliko langu kwa sababu anayefungua faili anaona laini katikati anaamini kazi imefanyika. Laini ya kuegemea nayo lazima iegemee kitu, aidha mhimili wa skechi, aidha kingo mbili kwa simetriki, ila isiwe namba. Tangu siku hiyo skechi yoyote haitoki hapa bila kuvutwa hadi 500 kwanza, inachukua sekunde kumi, ukimaliza unarudisha.

Pembeni kidogo, kuna wanaochanganya senta laini ya skechi na ile ya kwenye mchoro wa karatasi, ile nyembamba ya kistari kirefu na nukta kwa zamu inayofuata ISO 128, kiwango cha kimataifa cha michoro ya kiufundi. Ile ya skechi inatawala umbo, ile ya karatasi inamwambia mtu. Zote zina kazi. Sisi tulikuwa hatutoi karatasi kabisa, tunatuma DXF tu, na ningekuwa nimeprinti mchoro wenye senta laini na 170 mbili pande zote, Babu angeiona hitilafu kabla hajawasha mashine yake ya kuchomelea. Na kwenye DXF mambo ni kinyume, kule senta laini isiende. FreeCAD ukitoa umbo lenyewe laini za bluu zinabaki nyumbani, ila zamani nilipokuwa nachora kwa 2D nilikuwa naweka kila kitu leya moja, siku moja jamaa wa plazma akanipigia simu anauliza kwa upole, “kaka, hii ya katikati nikate nipasue pleti mbili au?” Bahati aliuliza.

Wanaotumia programu nyingine mambo ni hayohayo kwa majina mengine. SolidWorks ina senta laini yake kabisa, na ina utamu mmoja, ukipima toka senta laini hadi ukingo afu ukavusha maus upande wa pili wa laini inakuandikia kipenyo kizima badala ya nusu, kwa wachora puli na bushi hii inaokoa makosa mengi ya kusahau kuzidisha mara mbili. Inventor na Fusion nazo zinatofautisha laini ya konstraksheni ya kawaida na senta laini. FreeCAD haina hiyo tofauti, bluu ni bluu, ila ukitaka kuzungusha skechi upate puli unaweza kuiteua laini ya konstraksheni iliyomo kwenye skechi iwe mhimili wa kuzungukia.

Pleti mpya zilikuja, Babu akachomelea miguu, akageuza moja kama kawaida yake, shafti ikapita kwa mkono bila nyundo. Kidole kikaingia sawa kona zote nne. Mteja akachukua mashine yake Jumamosi na akarudi wiki ya tatu na rafiki yake anayetaka ya 420. Nikafungua faili, nikaandika 420, matundu yakakaa katikati yenyewe, nikatuma. Pleti ziliporudi kutoka plazma nikamkuta Babu ameshazilaza mezani, ameshapaka chaki, bikari mkononi, anahakiki.

“Babu, safari hii zipo sawa.”

“Sawa,” akasema, na akachora upinde wa kwanza.